Tumbo na Kisu: Deni ni la Nani?

Asafiriye kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, kabla hajaingia Kibaha, hupita Kibamba. Na hapo, mkono wa kushoto, huchepuka njia iendayo Mloganzila. Kusini ya Mloganzila ni nchi ya Kisarawe, nchi ya vilima, mihogo, mikorosho na miembe. Baina ya wilaya hizo mbili, pale Dar es Salaam inapopakana na mkoa wa Pwani, imesimama hospitali kubwa iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Rais John Magufuli aliizindua mwezi Novemba 2017, na mwaka uliofuata ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Katika miaka ya mwanzo ya 2020 hospitali hiyo ilianza kutoa huduma ambayo kabla ya hapo Mtanzania mwenye uwezo aliifuata ng'ambo: puto liwekwalo tumboni ili mtu ashibe upesi. Baada ya puto kikaja kisu, yaani upasuaji wa kulipunguza tumbo lenyewe. Habari za namna hii hazikawii kufika barazani, na kila baraza lina kadhi wake. Hukumu zisikikazo ni tatu. Wa kwanza husema: huu ni uroho, na uroho hautibiwi kwa kisu bali kwa kuufumba mdomo. Wa pili husema: huku ni kubadili maumbile, kukata kiungo kizima ambacho Muumba hakukitia kasoro. Wa tatu husema: tumbo ni lake, fedha ni zake, wengine yawahusu nini?

Hukumu hizi tatu hazifanani, lakini zina jambo moja la shirika. Zote humwacha mgonjwa peke yake: ya kwanza humwacha na dhambi yake, ya pili na hofu yake, na ya tatu na risiti yake. Swali linalostahili kuulizwa ni zito kuliko hayo. Mtu akishakatwa tumbo, na maisha yake yote yaliyobaki yakawa ni kuchunga kile kilichokatwa, deni hilo la kuchunga ni la nani?

Kabla ya kujibu, yafaa kuisikiliza lugha yenyewe, kwa maana Kiswahili kimelitwika tumbo mambo mengi. Ndugu wa karibu kuliko wote ni wa tumbo moja. Msaliti wa jamaa zake ni mchumia tumbo. Mwenye hadhi ni mtu mzito, na asiyeaminika ni mwepesi. Aliyepona hunawiri, na anayedhoofu huulizwa, "Umepatwa na nini?" Kwa muda mrefu, katika lugha hii, uzito ulikuwa ushahidi wa heri, na wembamba ulikuwa ushahidi wa shari.

Huko Uzaramoni, ambako Kisarawe ni kitovu chake, ushahidi huo uliwekwa hata katika mila. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyechapisha kitabu chake juu ya mila za Wazaramo mwaka 1970, alieleza kwa urefu habari za mwali: binti aliyevunja ungo akawekwa ndani, akafundwa, akapewa mwanasesere wa mti aitwaye mwana hiti, asitoke mpaka siku ya kuchezwa. Mwali aliyetunzwa vizuri alitarajiwa atoke amejaa mwili na ngozi imetakata. Unono wake haukuwa wake peke yake. Ulikuwa barua ya ukoo kwa majirani, kwamba nyumba hii ina chakula na ina watu wa kulea. Basi mwili mnene, katika asili yake hapa pwani, ulikuwa kazi ya jamii nzima. Ni ajabu kwamba jamii hiyo hiyo, mwili huo ulipogeuka maradhi, iligundua ghafla kuwa ni shauri la mtu mmoja.

Isitoshe, kumbukumbu za miaka ya 1980 na 1990 hazijafutika. Ukimwi ulipoingia, wembamba wa ghafla ulikuwa tangazo la kifo. Nchini Uganda maradhi yenyewe yaliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Wapo waliokula kupita haja yao ili tu wasinong'onwe. Aliyelelewa katika zama hizo akauona unene kuwa ngao hakuwa mjinga. Alisoma dalili za wakati wake.

Wakati huo umegeuka. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 uliwakuta wanawake 28 katika kila 100 wa Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi au unene. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliwakuta 36. Na katika uchunguzi huo huo wa 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wamelipanua neno utapiamlo, likawa lachukua pande zote mbili: aliyepungukiwa na aliyezidishiwa. Neno limefanya insafu ambayo mabaraza bado hayajaifanya. Mama mnene na mtoto aliyedumaa waweza kuwa chini ya paa moja, wakila sufuria moja ya wanga na chai ya sukari, kwa kuwa kinachoshibisha kwa bei nafuu si lazima kilishe.

Sasa na litazamwe hilo lifanywalo na kisu. Wataalamu hupima unene kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tangu mwaka 1991 kipimo cha kuruhusu upasuaji kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yaliyoambatana na unene, kama vile kisukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hiyo vilikishusha hadi 35 hata pasipo maradhi hayo. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 hufika 40 akiwa na kilo 102 na ushei. Huyo si mtu aliyezidi kidogo kwa sababu ya sikukuu.

Njia zitumikazo zaidi ni mbili. Katika ya kwanza, kiasi cha robo tatu au zaidi ya tumbo hukatwa na kutolewa, likabaki bomba jembamba. Lililotolewa halirudishwi tena. Katika ya pili, hutengwa kifuko kidogo kama yai juu ya tumbo, kikaungwa na utumbo wa mbele, hata chakula kikakiruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Puto si upasuaji. Huingizwa kwa mpira kupitia kinywani, nalo kwa kawaida hutolewa baada ya miezi sita au mwaka, na uzito mara nyingi huanza kurudi baada ya hapo. Nalo pia si la kuchezewa: mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha matabibu baada ya kupokea taarifa za vifo vitano vya watu waliowekewa maputo ya maji, ingawa haikuthibitishwa kuwa puto ndilo lililowaua.

Jambo ambalo mwenye hukumu ya kwanza halijui ni kwamba kisu hakipunguzi nafasi tu. Hubadili hata maneno ambayo tumbo huuambia ubongo. Sehemu ya juu ya tumbo hutoa kichocheo cha njaa, na ikiondolewa, njaa yenyewe hupungua. Mtu aliyepambana kwa miaka 20 na sauti isiyonyamaza huamka akaikuta imekuwa mnong'ono. Ikiwa njaa yaweza kupunguzwa kwa kukata kipande cha nyama, basi njaa hiyo haikuwa upungufu wa tabia peke yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema; nao hawakusema kuwa mwenye njaa sharti awe mwembamba. Hivyo hukumu ya uroho yaanguka.

Matunda ya kazi hii yamepimwa kwa subira kubwa kuliko kwingine huko Sweden. Huko, kuanzia mwaka 1987, watu zaidi ya 4,000 wenye unene mkubwa walifuatiliwa. Karibu nusu yao walipasuliwa, na wengine wakatibiwa kwa njia za kawaida. Baada ya miaka 20, waliopasuliwa walikuwa wamepungua asilimia 18 ya uzito wao kwa wastani, na wenzao asilimia 1 tu. Katika wenye kisukari waliopasuliwa, 72 kwa kila 100 hawakuwa na dalili zake baada ya miaka miwili. Taarifa iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha kwamba waliopasuliwa waliishi miaka mitatu zaidi ya wale waliotibiwa kwa kawaida.

Mwenye kusoma nusu hiyo ya taarifa akafunga kitabu atafurahi. Nusu ya pili yasema hivi: katika wale wenye kisukari, baada ya miaka 15 waliobaki bila dalili walikuwa 30 tu kwa kila 100. Na waliopasuliwa, pamoja na miaka yao mitatu ya nyongeza, bado waliishi pungufu ya watu wa kawaida kwa miaka mitano na nusu. Kisu kilileta nafuu kubwa. Hakikufuta yaliyotangulia.

Na awaziwe mama mmoja wa Kisarawe. Si mtu fulani, ni mfano tu. Ana urefu wa mita 1.60, uzito wa kilo 120, kisukari, na magoti yasiyomfikisha kisimani. Akipata wastani wa wale wa Sweden, baada ya miaka 20 atakuwa na kilo 98. Wengi wa wale walifanyiwa upasuaji wa namna za zamani, na za sasa huelekea kupunguza zaidi. Basi na apewe robo nzima, awe na kilo 90. Hata hapo kipimo chake ni 35, na katika vitabu bado ataitwa mnene. Magoti yatamshukuru, moyo utamshukuru, sindano za kisukari huenda zikapumzika. Lakini akiwa ameahidiwa wembamba wa picha za matangazo, atajiona ameshindwa ilhali ameshinda. Udanganyifu wa mwanzo humnyang'anya mtu hata faida aliyoipata kweli.

Yapo na mashaka mengine ambayo hayawekwi kwenye picha. Mshono waweza kuvuja siku za awali. Kifo chatokea mara chache, kiasi cha watatu katika kila 1,000 ndani ya siku 30 kwa hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2009. Ni wachache, lakini kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyemngojea mlangoni. Mawe ya nyongo huwapata wapunguao haraka. Aliyerukishwa utumbo akinywa kitu chenye sukari nyingi huweza kutokwa jasho, moyo ukamwenda mbio na tumbo likamsokota. Madini ya chuma, chokaa na vitamini B12 havifyonzwi kama zamani, kwa hiyo vidonge huwa ni vya maisha. Na atapikaye mfululizo akakosa vitamini B1 aweza kuharibika ubongo na mishipa ya fahamu. Ngozi hubaki imening'inia kama nguo ya mtu mwingine. Mimba yapaswa kungoja mwaka mmoja au mmoja na nusu. Na tafiti za Marekani na Sweden zimeonyesha jambo la kuhuzunisha zaidi: baada ya upasuaji, hasa ule wa kurukisha utumbo, ulevi huongezeka kwa baadhi, na wako wanaojidhuru nafsi zao. Aliyekuwa akizika majonzi yake katika sahani, sahani ikiondolewa, majonzi hutafuta kaburi jingine.

Historia pia yaonya. Katika miaka ya 1950 wapasuaji wa Marekani walianza kuukata njia mfupi utumbo mwembamba karibu wote. Watu walipungua sana, nao wakasifiwa. Ilichukua miaka kabla haijadhihirika kwamba ini lilikuwa likiharibika na mafigo yakijaa mawe. Na upasuaji ule ukaachwa, wengi wakarudishwa chumba cha kisu ili wafunguliwe. Njia ya kifuko kidogo, iliyoanzishwa mwaka 1966 na Edward Mason na mwenzake huko Iowa, ilizaliwa katika kutafuta salama. Elimu hii, basi, imejifunza juu ya miili ya watu waliotangulia. Hilo halimfanyi tabibu kuwa mkosa. Lamfanya kuwa mdaiwa.

Hukumu ya pili, ya maumbile, ni nzito kuliko ya kwanza na haistahili kudharauliwa. Mwili ni amana. Lakini wanazuoni wengi wa fikihi hutofautisha kubadili umbo kwa mapambo na kulikata kwa tiba, na hakuna amwambiaye mwenye donda la kisukari kwamba mguu wake uoze kwa heshima ya maumbile. Swali huwa ni kama kiungo kilichokatwa kilikuwa kizima kweli. Tumbo la mama yule wa mfano halina kidonda wala uvimbe. Lakini kiungo hakiishi peke yake; uzima wake ni katika kazi yake kwa mwili wote. Tumbo linaloufisha moyo, figo na macho taratibu si zima kwa sababu tu ngozi yake ni laini. Hoja ya amana, ikifuatwa hadi mwisho wake, haikatazi kisu. Yakataza kisu cha pupa: kisu kabla ya kujaribu njia nyingine, kisu kwa asiyefikia kipimo, kisu cha kutafuta kiuno cha harusi.

Hukumu ya tatu, ya tumbo lake na fedha zake, hupendwa na wauzaji, nayo ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Huduma hizi hugharimu mamilioni ya shilingi, na mwenye kuzilipa hudhani amenunua kitu kilichokwisha, kama anunuavyo kitanda. Kumbe amenunua mwanzo. Vidonge vya miaka yote, vipimo vya damu kila mwaka, tabibu wa kumwuliza usiku tumbo likisokota: haya hayamo katika risiti. Aliyepasuliwa mbali akarudi kijijini kwake aweza kufikishwa zahanati ambako mhudumu hajapata kumwona mtu mwenye tumbo la namna hiyo. Ridhaa aliyoitia sahihi ni ya kweli ikiwa tu aliambiwa habari za zahanati hiyo, na si za chumba cha upasuaji peke yake. Kumwambia mtu nusu kisha kumwita huru ni kumcheza shere.

Na deni halimhusu tabibu tu. Katika mwaka wake wa kwanza mama yule ataalikwa shughulini, mkeka umetandikwa, sinia la pilau limewekwa katikati. Atakula tonge nne, atasimama.

"Shoga, mbona huli? Au chakula chetu hakikupendezi?"

"Nimeshiba, shoga."

"Umeshiba na nini? Kaa bwana, kula!"

Hapa ndipo uungwana wa pwani unapopimwa. Ada ya kumshurutisha mgeni ale ilizaliwa katika nchi iliyoijua njaa, na ilikuwa rehema. Kwa huyu, tonge ya tano ni maumivu na kutapika. Akikataa, ataitwa mwenye maringo. Akizidi kukonda, watakumbuka miaka ya tisini na kunong'ona. Akisema kweli, atasikia kwamba amenunua umbo. Njia tatu, na zote zina miiba ambayo hakuipanda yeye.

Mwezi wa Ramadhani utaingia, naye kwa kuwa lazima anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, huenda tabibu akamwambia asifunge mwaka huo. Sheria imempa mgonjwa ruhusa tangu mwanzo: mwenye kutaraji kupona hulipa siku nyingine, na asiyetaraji hulisha maskini. Lakini jirani amwonaye akinywa maji mchana haoni ruhusa. Huona maji tu. Ajabu ni kwamba fidia hiyo, mtu asiyeweza kulijaza tumbo lake kulijaza la mwenziwe, ni jibu lililo karibu zaidi na swali hili kuliko hukumu zote za barazani. Yasema kwamba tumbo la mmoja na tumbo la mwingine zimefungamana.

Basi deni ni la nani? Ni la mgonjwa kwanza, kwa kuwa hakuna awezaye kummezea vidonge vyake. Ni la tabibu, amwambie nusu mbili za kitabu, na asimwache baada ya nyuzi kutolewa. Ni la serikali, ihakikishe kwamba anayeruhusiwa kukata Mloganzila au kwingineko ameandaa pia atakayemwangalia aliyekatwa, awe yuko Kibaha mjini au vijiji vya ndani vya Kisarawe. Na isisahau kwamba kwa bei ya tumbo moja watoto wengi wa chini ya miaka mitano wangepata mayai na maharage. Ni la jamaa, waliomlisha kwa mapenzi alipokuwa mwali, wasimwachie peke yake hesabu ya mapenzi hayo.

Na kwa mwenye kuandaa sinia, deni lake ni dogo kuliko yote, wala halihitaji fedha. Mgeni akisema ameshiba, na aaminiwe. Amletee maji, amsogezee mto, aendelee na mazungumzo.